Simu ya saa nne na ziara ya saa nane

Saa nne asubuhi simu inalia kwenye chumba cha taarifa za dawa, ambako wafamasia hujibu maswali ya wanaoandika dawa. Anayepiga, tuseme, ni tabibu wa kituo cha afya upande wa Mbagala. "Dada, nina mama hapa yuko kwenye TLD, majibu ya makohozi yametoka ana TB, leo anaanza dawa. Nampangia vipi?"

Jibu ni fupi. TLD ni kidonge kimoja cha dawa za VVU (ARV) chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya TB inalifanya ini livunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida. Mama anaendelea na TLD yake moja kwa siku kama zamani, na baada ya saa 12 anameza kidonge kimoja cha ziada cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50. Ratiba hiyo haikomi siku TB inapoisha. Inaendelea kwa wiki mbili baada ya rifampisini kusimamishwa, kwa sababu ini halirudi kwenye kasi yake ya kawaida siku hiyo hiyo.

Kabla ya kujibu, mfamasia anayejua kazi yake anauliza maswali yake mawili matatu. Mama ni mjamzito? Kama ni mjamzito bila shaka anapewa vidonge vya kuongeza damu, na madini ya chuma yanaikamata dolutegraviri tumboni, kwa hiyo ameze vyote viwili kwa pamoja akila chakula, au dolutegraviri itangulie kwa saa 2, au ije saa 6 baada yake. Ana kisukari? Dolutegraviri inapandisha kiwango cha metformini, dawa ya kisukari, mwilini, na kwa kawaida dozi ya metformini haivuki miligramu 1,000 kwa siku. Na swali ambalo wengi hulisahau: hicho kidonge cha dolutegraviri peke yake kipo hapo kituoni?

Swali hilo la mwisho ndilo linalookoa watu. Kisipokuwepo, kinachotokea kinatabirika. Mgonjwa anaambiwa ameze TLD mbili, asubuhi na jioni. Dolutegraviri inatosha, ila tenofoviri na lamivudini navyo vimekuwa maradufu, na tenofoviri haina urafiki na figo. Au kidonge kipo lakini cheti hakijaandika saa, na mgonjwa anavimeza vyote kwa mpigo usiku baada ya taarifa ya habari.

Simu inakatwa. Kwenye daftari unaandikwa mstari mmoja: "TLD + TB, amejibiwa." Wiki mbili baadaye tabibu mwingine, safari hii wa Chanika, anauliza kitu kile kile. Mwezi huo huo timu ya mafunzo iko ukumbini na slaidi 60 za shinikizo la damu, kwa kuwa hiyo ndiyo mada iliyokuja na bajeti. Walio kwenye simu wanajua wanaoandika dawa wanakwama wapi. Wanaokwenda kufundisha wana gari, posho na hadhira. Pande hizo mbili hazisomi daftari moja, na makala hii inahusu daftari hilo na namna ya kuliunganisha na ziara za kuwafundisha waandika dawa vituoni.

Kazi zote mbili zina umri. Kituo cha kwanza cha taarifa za dawa kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, mwaka 1962. Mwaka 1983 Jerry Avorn na Stephen Soumerai walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mfamasia anayemfuata daktari ofisini kwake na kuzungumza naye ana kwa ana hubadilisha anavyoandika dawa. Mbinu yenyewe waliichukua kwa mawakala wa kampuni za dawa, wakaiondolea biashara. Hapa kwetu Tanzania, huduma ya taarifa za dawa na sumu iliyojulikana kama TADATIS ilianzishwa Muhimbili mwaka 1989, na ufuatiliaji wa madhara ya dawa ukaanzia huko. Kwa hiyo hakuna kigeni hapa. Kinachokosekana ni uzi wa kushona vipande viwili ambavyo tayari vipo.

Tuanze na daftari. Liwe la karatasi au jedwali la kompyuta, haijalishi, ila lichukue mambo haya: tarehe na saa, aliyeuliza ni kada gani (daktari, tabibu, muuguzi, mfamasia, fundi sanifu dawa) na yuko ngazi gani, zahanati, kituo cha afya au hospitali, swali kwa maneno yake mwenyewe, swali lenyewe baada ya kuchimba, umri na uzito wa mgonjwa, ujauzito, figo, ini, dawa nyingine pamoja na za asili, jibu, chanzo na mwaka wa toleo lake, na je, alipigiwa tena kuulizwa kilichotokea. Jina la mgonjwa halihitajiki popote.

Sehemu mbili za swali ndizo zenye mali, lile lililoulizwa na lile lililokusudiwa. Mtu anauliza, "Mbadala wa seftriaksoni ni nini?", yaani ile antibayotiki ya sindano. Ukimjibu hivyo hivyo utamtajia dawa tatu na kukata simu. Ukimchimba, unakuta mgonjwa ni kichanga cha siku tano kilichotundikiwa dripu ya Ringer, na kuna mtu amemwambia kwamba seftriaksoni haifai. Huyo mtu amesema kweli. Ringer ina kalsiamu, na kwa kichanga, seftriaksoni na kalsiamu ya kwenye mshipa huweza kuganda na kukaa kwenye mapafu na figo. Kwa hiyo haviendi pamoja, hata kwa mishipa miwili tofauti. Au unachimba unakuta hakuna kichanga wala dripu, ni stoo imekauka. Maneno ni yale yale, matatizo mawili, na kila moja lina mlango wake.

Mwisho wa mwezi watu wawili, mmoja wa taarifa za dawa na mmoja wa mafunzo, wakae na daftari kwa nusu saa. Wayapange maswali kwa tatizo, wasiyapange kwa jina la dawa. Ukipanga kwa jina la dawa, swali la TLD na TB linaangukia kwenye kifungu cha ARV, la vidonge vya uzazi wa mpango na TB linaangukia kwenye uzazi, na hakuna anayeona kwamba yote mawili ni rifampisini. Tatizo lililojirudia mara tatu kutoka vituo tofauti liwekewe alama.

Daftari lina upofu wake, na huu lazima usemwe. Wanaopiga simu zaidi ni wafamasia na madaktari wa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali kubwa, watu waliozoea kuuliza. Tabibu wa zahanati anayeona wagonjwa 60 kwa siku hapigi. Pengine hana namba, pengine hana vocha, mara nyingi hajui kwamba kuna cha kuuliza, kwa sababu kila mtu wa jirani anaandika vile vile. Ukifundisha kwa kufuata simu peke yake utaishia kuwafundisha waliokwisha kuamka. Ndiyo maana ziara inatakiwa kuleta maswali kama inavyopeleka majibu.

Halafu si kila swali linalojirudia ni somo. La stoo kukauka liende Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali, au kwa mfamasia wa wilaya anayeagiza Bohari ya Dawa. La mgonjwa aliyevimba midomo baada ya dawa liende Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa fomu ya njano, siku hiyo hiyo, na mfamasia aliyepokea simu asaidie kuijaza badala ya kusema tu "jaza fomu". Na kuna maswali yanayoonekana kama upungufu wa elimu kumbe ni upungufu wa karatasi ukutani.

Mfano mzuri wa hilo ni atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali. Swali huja hivi: "Mtoto kilo 12, mililita ngapi?" Hesabu yake: chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo miligramu 36. Chupa ya miligramu 60 inayokuja na kichupa cha baikaboneti huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya hiyo baikaboneti, ikatikiswa mpaka iwe maji safi, kisha inaongezwa maji ya chumvi. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwa mshipa unaongeza mililita 5, unapata miligramu 10 kwa kila mililita, na mtoto anapewa 3.6. Kwa msuli unaongeza mililita 2, unapata miligramu 20 kwa kila mililita, na mtoto anapewa 1.8. Anayechanganya kwa kipimo cha msuli halafu akavuta ujazo wa mshipa amempa mtoto dozi mara mbili. Anayefanya kinyume amempa nusu, na nusu dozi kwa malaria kali ni hatari mbaya zaidi. Dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Haiwekwi kwenye friji kungoja dozi ya jioni.

Sasa nani anachanganya? Muuguzi wa zamu, saa tisa usiku. Ukimwita daktari semina kwa jambo hili umekosea mlango. Kinachotakiwa ni jedwali la uzito na ujazo, safu mbili za rangi tofauti, moja ya mshipa na moja ya msuli, limetundikwa kwenye chumba cha sindano kwenye usawa wa macho, na mtu wa kukaa na wauguzi wawili kwa dakika kumi wachanganye chupa moja pamoja. Angalieni pia kijikaratasi cha kiwandani, maana zipo bidhaa zenye kichanganyio tofauti ambazo hesabu hiyo haizihusu. Kwa daktari libaki neno moja: baada ya dozi tatu za saa 0, 12 na 24, mgonjwa akiweza kumeza, apewe dawa mseto dozi kamili ya siku tatu. Kumruhusu arudi nyumbani na sindano tatu peke yake ni kumwalika arudi wodini.

Mada zinazobaki baada ya mchujo huo ndizo za ziara. Chukua moja tu kwa miezi mitatu. Tuseme ni antibayotiki kwa watoto wenye kikohozi, mada ambayo haiishi hamu Dar es Salaam.

Kabla ya kwenda, hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake vya matumizi ya dawa mwaka 1993 na bado vinafaa. Kwa kituo kimoja chukua mahudhurio 100 kutoka kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha wagonjwa wa nje, yaliyosambaa kwenye miezi kadhaa ili msimu wa mvua usikudanganye. Hesabu wangapi waliandikiwa antibayotiki, wangapi sindano, na wastani wa dawa kwa mgonjwa. Ongeza kipimo kimoja cha siku hizi, mgawanyo wa antibayotiki kwa makundi ya AWaRe, mpangilio wa shirika hilo hilo. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazo ziko kundi la kwanza, la kutumika kwa kawaida. Seftriaksoni, azithromisini na siprofloksasini ziko kundi la kuangaliwa. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kulenga angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa binadamu duniani zitoke kundi la kwanza ifikapo 2030. Namba ya kituo chenyewe, iliyotoka kwenye kitabu chao wenyewe, ina nguvu kuliko takwimu yoyote ya Geneva.

Kisha kadi. Karatasi moja ya A4, pande mbili, basi. Upande wa kwanza mambo matatu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 mpaka 11, 40 au zaidi kwa wa miezi 12 mpaka 59, hizo ni pumzi za haraka. Kikohozi bila pumzi za haraka na bila kifua kubonyea hakihitaji antibayotiki. Nimonia isiyo na dalili za hatari inatibiwa kwa amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250: kidonge 1 asubuhi na 1 jioni kwa wa miezi 2 mpaka 11, vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa wa mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5, kwa siku 5. Mwenye dalili za hatari apewe dozi ya kwanza ya sindano na rufaa. Na hata huko, ampisilini na jentamaisini hutangulia seftriaksoni. Upande wa pili uwe na maneno ya kumwambia mama, kwa Kiswahili cha nyumbani, na namba ya huduma ya taarifa za dawa iliyoandikwa kubwa. Pembeni kabisa: tarehe ya kutolewa, chanzo, tarehe ya kupitiwa upya.

Kadi hiyo iandikwe na watu wa taarifa za dawa, kwa kuwa ndio wenye vyanzo na ndio watakaopigiwa simu kuhusu kila mstari wake. Wa mafunzo waipunguze. Ni kazi ya ugomvi kidogo, na ni sawa iwe hivyo: mmoja anataka kuongeza angalizo la nane, mwenzake anajua msomaji ataishia la tatu.

Ziara yenyewe haizidi dakika 20. Usiende Jumatatu, wala asubuhi. Saa nane mchana foleni ya wagonjwa imepungua na tabibu amekwisha kunywa chai. Pitia kwanza kwa mganga mfawidhi na barua ya mganga mkuu wa wilaya, hata kama mnafahamiana. Kuhusu njia: panga vituo kwa barabara, wiki ya Kilwa Road, wiki ya Morogoro Road, wiki ya upande wa Gongo la Mboto, na Kigamboni iwe na siku yake. Mtu mmoja anamaliza vituo vitatu kwa siku, vinne akibahatika. Anayepanga sita kwa siku hajawahi kukaa kwenye foleni ya Tazara saa kumi na moja.

Ndani ya chumba, mfamasia mwenye miaka 28 yuko mbele ya tabibu aliyeandika dawa tangu huyu hajazaliwa. Inaanza na "Shikamoo, dokta," na inasubiri "Marahaba." Halafu inakuja na swali, haiji na somo: "Mtoto wa kikohozi akifika hapa, huwa unaamuaje huyu apate antibayotiki?" Mwache aseme. Asilimia ya kituo chake itolewe baada ya hapo, na iwekwe mezani bila kutiliwa chumvi. Mara nyingi jibu litakuwa, "Wagonjwa wa hapa bila sindano hawaondoki. Nisipompa, anaenda duka la dawa pale mbele." Usibishe, ni kweli. Mgeuzie kadi upande wa pili, mjaribu pamoja maneno ya kumwambia mama: mwanao nimemhesabu pumzi, hana nimonia, sindano haitamsaidia, ukiona kifua kinabonyea au ameshindwa kunyonya rudi hata usiku. Kuhesabu pumzi mbele ya mama kwa dakika nzima kunamtuliza kuliko hotuba, maana ameona mwanawe ameangaliwa.

Kabla ya kuaga, muulize swali moja: "Ni dawa gani inakusumbua mwezi huu?" Analosema liandikwe hapo hapo kwa maneno yake, liingie kwenye daftari la taarifa za dawa jioni hiyo, na jibu limrudie yeye kwa jina ndani ya saa 48. Ahadi hii ikivunjwa mara moja, ziara ya pili inakuwa ya kunywa soda. Na ziara ya pili lazima iwepo, wiki sita hadi nane baadaye, hata ya dakika kumi.

Matarajio yawe ya kiasi. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 69 ya ziara za aina hii yalikuta uandikaji wa dawa unaboreka kwa wastani wa kati wa asilimia 4.8. Ni kidogo, lakini ulitokea karibu kila mahali, na kwa dawa inayoandikwa kila baada ya dakika tano, asilimia hizo ni watoto wengi. Anayeahidi mfadhili kupunguza antibayotiki kwa nusu ndani ya miezi sita anajitafutia aibu.

Yapo mambo yanayoua ushirikiano huu kimya kimya. La kwanza ni kumtuma mtu yule yule kufundisha leo na kukagua kesho. Tabibu akiona aliyemwonyesha kadi jana ndiye anayefungua makabati yake leo, hatauliza tena swali la kweli maisha yake yote. Kazi ya ukaguzi ni halali na ina wenyewe. Ibaki kwao, na daftari la maswali lisitoke kwenda huko. La pili ni chakula cha mchana cha kampuni ya dawa. Pakiti ya wali kuku yenye nembo inatosha kuifanya kadi yako ionekane ndugu wa kipeperushi cha wakala aliyepita asubuhi.

La tatu ni WhatsApp. Makundi yanasaidia, swali linajibiwa ukiwa kwenye mwendokasi, lakini picha ya cheti yenye jina la mgonjwa, umri na hali yake ya VVU ikiingia kwenye kundi la watu 200 haitoki tena, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuacha nafasi ya "nilikuwa naomba ushauri tu". Weka namba moja ya kupokea maswali kwa faragha. Kwenye kundi lirushwe jibu lililokwisha kusafishwa, lenye chanzo na tarehe. Faida yake nyingine ni kwamba unazuia majibu mawili. Kundini kila mtu ni bingwa, na jibu la tatu kwa haraka ndilo linalosambazwa.

Majibu mawili ndiyo sumu ya nne. Mwongozo wa matibabu wa taifa unatolewa upya, watu wa simu wanaanza kutumia toleo jipya, wa ziara bado wana kadi 300 za zamani na hawataki zitupwe. Tabibu anapata dozi mbili tofauti kutoka kwa watu wanaosema ni kitu kimoja, na anarudi kwenye mazoea yake, kwa haki kabisa. Kila kadi iwe na namba, orodha ya namba na vituo zilikotundikwa iwekwe na huduma ya taarifa za dawa, na mwongozo ukibadilika wapigiwe wale wa kwenye orodha kwanza. Atakayekwenda na kadi mpya abandue ile ya zamani kwa mkono wake, na abebe gundi yake mwenyewe, maana kituoni haipo.